Ilindwe na Mwanga

Sekela, mkamwana wangu,

Hii ni mara ya kwanza kukuandikia jambo lisilokuwa sahihisho. Ni mara ya kwanza pia kusema nawe pasipo ukuta kati yetu. Katika miaka saba uliyoishi kwetu Makwale, desturi haikuturuhusu kutazamana, mimi baba mkwe na wewe mke wa mwanangu. Uliposikia kikohozi changu njiani uliiacha njia, ukaingia migombani, ukanipa mgongo na kuinama mpaka nipite. Nami niligeuza uso. Tulipohitaji kuambiana neno, ulisema ukiwa nyuma ya ukuta wa jiko, nami nilijibu nikiitazama mikakao. Watu walitusifu. Walisema kwamba wake wa vijana siku hizi huwapa baba wakwe zao mkono kama watu waliosoma darasa moja, lakini mke wa Ambakisye bado anajua heshima. Nilizipokea sifa hizo kana kwamba zilikuwa zangu.

Uso wako niliuona kwa karibu siku moja tu. Ulikuwa na tope.

Nianze na habari, kwa sababu barua huanza na habari, na kwa sababu nikianza na jambo lenyewe sitafika mwisho. Mpunga ulivunwa mwezi wa sita. Jaruba la chini, lile la karibu na mfereji, halikuvunwa. Ambakisye hakutaka kulikanyaga, nami sikumlazimisha, ndege wamelimaliza. Mwanao Atupele ametimiza miaka mitano na ameanza kuzitambua herufi. Anaishi nami, kwa kuwa baba yake huzunguka vijijini kununua kakao na hurudi siku za Jumapili. Mradi wa dawa umefunga virago. Wamechukua jokofu lao, maboksi yao na mashine yao, wakatuachia fulana zenye maandishi mgongoni. Ya kwangu naifutia baiskeli.

Juzi Atupele aliniuliza jambo alilolisikia kwa wenzake bombani. Aliuliza kama ni kweli kwamba mama yake alikufa kwa sababu alikuwa akitema dawa. Nilimwambia aende akacheze. Mimi niliyefundisha miaka thelathini na minne, niliyewachapa watoto wa watu kwa kukwepa swali, nilikwepa swali la mtoto wa miaka mitano. Ndiyo maana ninaandika.

Nusu ya mambo haya unayajua kuliko mimi. Nusu nyingine niliijua baada ya kukuzika, nawe hukuisikia. Nitayaeleza yote kwa utaratibu wake, kwa sababu utaratibu ndio kitu pekee nilichobaki nacho.

Mradi ulipofika kutafuta watu wenye kifafa, nilichaguliwa kuwa msimamizi wa kijiji. Sababu zilitajwa: ni mwalimu mstaafu, ana baiskeli, na mwandiko wake unasomeka. Mlikuwa watu kumi na wawili. Wewe ulikuwa namba tisa. Kidonge kilikuwa cha kuzuia kuanguka, lakini ndani yake walichanganya vitamini isiyodhuru, ile inayoufanya mkojo uwe wa manjano. Hawakuficha. Mkutanoni walisema kwamba vitamini hiyo ni alama tu: aliyemeza, mkojo wake utakuwa nayo, asiyemeza, hatakuwa nayo ila kidogo sana inayotokana na chakula.

Nao hawakuamini rangi inayoonekana kwa macho, kwa sababu macho hubishana. Waliamini mwanga. Mashine yao huupiga mkojo kwa mwanga wa buluu, na vitamini iliyomo hurudisha mwanga wake yenyewe, wa kijani kinachoelekea manjano. Mashine huupima huo unaorudi. Ukirudi mwingi, vitamini ni nyingi. Ukirudi hafifu, hapana kitu. Binti wa maabara, Bupe, alituonyesha ofisini kwao mjini Kyela, katika chumba chenye mapazia mazito. Aliweka vichupa viwili ambavyo kwa macho yetu vilikuwa sawasawa, akawasha taa yake, kimoja kikawaka kama jicho la paka. Wazee tuliguna. Nilimwambia aliyekaa karibu nami kwamba leo tumepata shahidi asiyehongeka.

Kazi yenu ilikuwa nyepesi. Kumeza saa moja asubuhi kila siku; na mara moja kwa wiki, saa nne, kujaza chupa. Mimi ningepita na boksi la barafu kuzikusanya, na kufikia alasiri ziwe mjini.

Sasa nafika kwenye karatasi.

Mradi ulileta karatasi ya maelekezo, moja kwa kila nyumba. Ilikuwa imeandikwa na vijana, nayo ilikuwa na aibu tupu. Viambishi vilikuwa vimetenganishwa na vitenzi, ngeli zimechanganywa, koma zimemwagwa kama pilipili. Niliomba ruhusa ya kuisafisha kwa ajili ya kijiji changu, wakaniambia, mwalimu, fanya unavyoona. Katikati yake kulikuwa na sentensi fupi:

Chupa ilindwe na mwanga.

Niliitafakari asubuhi nzima. Nilijiambia kwamba kitenzi kikiwa katika hali ya kutendwa, kinachokifuata baada ya “na” ni mtenda. Mtoto alipigwa na babaye. Nyumba ililindwa na mbwa. Basi chupa ilindwe na mwanga: mwanga ndio mlinzi. Jambo hilo lilikubaliana na akili yangu pia. Vyombo tunavianika kichanjani ili jua liue vijidudu. Godoro la mgonjwa tunalitoa nje. Kwa nini jua lisiulinde mkojo usioze? Nikafuta sentensi ya vijana, nikaandika yangu, iliyonyooka, isiyo na utata: Chupa iwekwe juani hadi msimamizi atakapoichukua.

Chini ya karatasi palikuwa na namba ya simu ya Bupe. Sikumpigia. Mtu niliyesahihisha maelfu ya insha nimuulize msichana maana ya sentensi ya maneno manne?

Nilizigawa karatasi zangu. Na sikiliza jambo lililotokea, Sekela, maana hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Wale kumi na mmoja hawakuitii karatasi yangu. Hapana aliyebisha, waliona haya tu. Nani aweke mkojo wake juani majirani wauone? Waliificha chupa uvunguni, nyuma ya debe la unga, ndani ya kapu lenye kifuniko, na nilipopiga hodi waliitoa wakiifunika kwa kitambaa. Niliwanung'unikia kwamba hawasomi. Waliponea hapo.

Wewe ulisoma. Karatasi ilikuwa imeandikwa na baba mkwe wako, nawe uliitii kama amri. Isitoshe, hukuweza kunipa chupa ile mkononi. Kikombe cha chai tu hukuthubutu kunipa, sembuse mkojo. Mke wangu angekuwa hai, angepokea yeye kutoka kwako na kunipa mimi, lakini alitutangulia, na mchana Ambakisye alikuwa shambani. Basi uliiweka chupa juu ya nguzo ya uzio, upande wa mashariki, mahali ambapo jua la saa nne halizuiwi na mgomba hata mmoja. Ukarudi ndani. Mimi nilianzia kazi mbali, nikamalizia kwangu, kwa kuwa si adabu kujihudumia kwanza. Nilifika saa saba. Saa tatu nzima chupa ile nyeupe ya plastiki ilikuwa ikitazamana na jua.

Nilikohoa, ukanishukuru kutoka nyuma ya jiko, “Ndaga, tata.” Nikaitia chupa katika boksi na kwenda zangu.

Jibu la kwanza lilikuwa hafifu. La pili hafifu. La tatu Bupe alinipigia simu, akasema kwa sauti ya mtu asiyetaka kuudhi kwamba namba tisa hamezi. Nilimshukuru kwa kazi yake safi. Kisha nilimwita Ambakisye, nikamwambia kuanzia kesho ahakikishe unameza mbele ya macho yake, kisha akufunue mdomo, akague chini ya ulimi. Alinitazama kama mtu niliyemtukana. Lakini alifanya. Kila asubuhi mke wangu mwenyewe ninamkagua kama ng'ombe wa mnadani, aliniambia baadaye, na kila asubuhi amemeza.

“Baba, nimeona kwa macho yangu,” alisema.

Nikamjibu, “Macho yako yana mke. Mashine haina mke.”

Nililipenda jibu hilo. Nililirudia kwa watu wawili watatu.

Basi Ambakisye naye akaanza kuyatilia shaka macho yake. Akafikiri kwamba labda unakwenda kutapika nyuma ya jiko. Akawa akikufuata. Wanawake bombani wakapata la kusema; walisema mke wa Ambakisye humeza kwa macho. Na mimi, niombe radhi kwa neno hili maana lilitoka kinywani mwangu, nilisema kilabuni, mbele ya wazee, kwamba watu wa kwenu ziwani vidonge huwatupia samaki. Walicheka. Nilijua kwamba ungesikia. Ulisikia.

Ilikuwepo wiki moja ya mvua, ile mvua yetu inayonyesha tangu alfajiri mpaka watu wanasahau rangi ya mbingu. Siku ya kukusanya hukuweka chupa nguzoni. Uliiacha ndani, mlangoni, chini ya ungo. Jibu lilirudi likiwa juu kuliko la mtu yeyote kijijini. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema, mnaona? Akitaka, anameza.

Hukuwa na njia ya kunijibu ila kwa maandishi, na maandishi uliyaleta. Ambakisye alinipa vikaratasi vyako vyote baada ya mazishi, vilikuwa ndani ya Biblia yako. Ninavyo hapa mezani. Cha kwanza kinasema: “Baba shikamoo. Nimemesa saa moja. Chupa iko juani kama ulivyo andika.” Kila wiki kimoja, kimefungwa kwa uzi shingoni mwa chupa. Na kila wiki nilikirudisha kupitia kwa Ambakisye kikiwa na wino mwekundu. Niliipigia mstari “nimemesa” nikaandika pembeni “nimemeza”, kwa sababu ulimi wa huku kwetu huigeuza z kuwa s, nami nimepigana na s hiyo maisha yangu yote. Niliunganisha “ulivyoandika”. Mara moja nilikupa alama, saba kwa kumi.

Uliniandikia kweli, nami nikaisahihisha tahajia.

Ulikuwa ukianguka bado. Mwezi wa pili ulianguka mara moja, jikoni. Mwezi wa tatu ulianguka mara tatu. Kidonge kilikuwamo mwilini mwako, sasa najua, lakini hakikukutosha. Ulihitaji kuongezewa au kubadilishiwa. Daktari yeyote angeliona hilo, kama angeamini kwamba unameza. Nilikwenda zahanati siku ya kliniki yake, nikampelekea majibu yako yote kwa mwandiko wangu mzuri. Aliyapitia kwa kidole. Aliuliza kama kuna lolote la kuongeza, nikasema hapana, majibu yanajieleza.

“Mwalimu,” alisema, “mtu asiyemeza, nikimwongezea dozi, namwongezea nini?”

Tulicheka, Sekela. Si sana. Lakini tulicheka.

Kikaratasi chako cha mwisho hakikufungwa kwenye chupa. Ulimpa Ambakisye aniletee kwa mkono. Kinasema: “Baba naomba nipelekwe hospitali kubwa kifafa kimesidi. Dawa namesa Mungu anaona. Naogopa maji.” Jaruba la chini lilikuwa limejaa, nawe ulikuwa na zamu ya palizi. Niliweka koma baada ya “Baba” na nukta baada ya “kubwa”. Nilizisahihisha s zote mbili. Kisha nilimwambia mume wako kwamba hospitali kubwa nayo itatoa vidonge, na vidonge havimsaidii asiyevimeza. Atakapoanza kumeza, tutazungumza. Nilimrudishia karatasi.

Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi, mchana, waliitana kutoka majarubani.

Nilikimbia kama nilivyoweza. Maji yale hayafiki gotini. Ulikuwa umelala kifudifudi kati ya mistari ya mpunga, na magugu uliyoyang'oa yalikuwa bado mkononi. Hapakuwa na mwanamume mwingine karibu. Sikukumbuka desturi. Nilikugeuza kwa mikono yangu, nikakufuta tope puani na mdomoni kwa shati langu, nikakuita jina ambalo sikuwahi kulitamka mbele yako. Nisingalikuwa na haya ya kulitamka miezi mitatu kabla...

Niendelee.

Mama yako alikuja kutoka kwenu Lyulilo na ndugu zake. Hakuuliza mengi, habari ilikwisha kumfikia. Baada ya kukuzika alikuja mbele yangu, akapiga magoti katika udongo ule ule uliofukuliwa, akaniomba msamaha kwa kunipa mkamwana mkaidi. Alisema alijitahidi kukulea vizuri. Mikono yake ilikuwa na nyufa za udongo wa vyungu, nayo aliikutanisha mbele ya uso wangu kama mtu anayepokea komunio.

Nilimsamehe, Sekela. Nilimwinua nikamwambia, basi mama, yamepita. Watu wakasema, mwalimu ana moyo mkubwa.

Wiki mbili baada ya matanga nilikwenda mjini kurudisha boksi na chupa zilizosalia. Bupe alikuwa akifunga hesabu zake za vipimo. Alinipa pole, kisha aliniuliza jambo ambalo, alisema, limemkosesha raha. Majibu yako yote yalikuwa hafifu isipokuwa moja. Aliangalia tarehe, akaona kwamba siku hiyo nimeandika pembeni “mvua kubwa”. Akauliza siku hiyo chupa ya namba tisa ilikaa wapi.

“Ndani,” nilisema.

“Na siku nyingine?”

“Juani. Kama karatasi inavyoagiza.”

Aliuliza karatasi ipi. Ilikuwamo katika mkoba wangu, nikampa. Aliisoma mara moja, akaiweka chini polepole. Hakunilaumu. Alitoa kichupa chenye maji yaliyotiwa vitamini ile ile, akakigawa sehemu mbili katika chupa kama zetu, moja akaiweka dirishani penye jua, nyingine akaitia katika droo. Akaniomba nisubiri. Aliniletea chai, sikuinywa. Baada ya muda unaotosha kuimba misa alizichukua zote mbili, akavuta mapazia, akawasha taa. Ile ya droo iliwaka. Ile ya dirishani ilikuwa maji.

“Jua huiua vitamini hii, mzee,” alisema. “Ndiyo maana tuliandika ilindwe na mwanga.”

Na mimi, unasikia, mimi niliyekugeuza katika tope, nilimsahihisha. Hapo hapo, gizani, kabla hata ya kuvuta pumzi. Nilisema, “Ilipaswa kuandikwa: ikingwe isipigwe na mwanga.”

Alifungua mapazia. Kisha akasema kwa heshima kabisa, “Sawa, mwalimu. Ila vijiji vingine vyote walielewa.”

Alisema pia kwamba chupa zenyewe zingepaswa kuwa za rangi ya kahawia, zile zisizopitisha mwanga, na kwamba ziliisha wakaletewa hizi nyeupe, na kwamba yeye naye angepaswa kuja kuona chupa zinakaa wapi badala ya kupiga simu. Alilia. Ningeweza kumwachia sehemu ya mzigo, alikuwa akiupokea. Lakini mashine haikusema uongo, wala binti huyo. Mashine ilisema tu kwamba katika chupa hii hamna vitamini, na kwa kweli haikuwamo. Ni mimi niliyeitoa chupani nikaiita tabia yako.

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne. Sasa tupo mwezi wa tisa. Miezi mitano nimejua, nikanyamaza. Nimekwenda kanisani kila Jumapili nikakaa benchi la mbele. Nimesikia watu wakikutaja nikainamisha kichwa kama mtu anayekustahi. Nilijiambia kwamba kusema hakutakufufua. Hiyo nayo ni sentensi sahihi kisarufi.

Jumapili iliyopita nilimwambia Ambakisye. Alikuwa akianika magunia ya kakao uani. Nilimweleza yote, karatasi, nguzo, mvua, taa ya Bupe. Hakuniinulia mkono wala sauti. Aliendelea kuyakunjua magunia mpaka yakaisha.

“Mimi niliona anameza,” alisema. “Kila siku niliona.”

Akajifuta vumbi mikononi.

“Ulisema mashine haina mke, baba. Mimi nilikuwa naye.”

Akaondoka kabla ya chakula. Hatujaonana tangu siku hiyo. Sikumtegemea anisamehe, wala simlaumu kwa lile analolibeba, maana nililipakia mimi mgongoni mwake.

Nimewaandikia watu wa mradi nikieleza kosa na kuomba neno “hamezi” lifutwe mbele ya namba tisa. Walinijibu kwa adabu kwamba takwimu zimekwisha kufungwa. Wamenipa pole kwa msiba. Nimewaandikia tena. Nitawaandikia kila mwezi maadamu naweza kushika kalamu. Na daktari nimemtumia nakala; yeye hajajibu.

Niliiacha barua hii kwa muda nikatoka nje. Nilimwita Atupele, nikamketisha kwenye kigoda chako, nikamjibu. Nilimwambia kwamba mama yake alimeza dawa kila siku, kwamba babu alisema hamezi, na kwamba babu alikosea. Alifikiri. Akauliza kama mama alijua kwamba nimekosea. Nikasema ndiyo, alijua, alikuwa mtu pekee aliyejua. Akauliza kwa nini basi hakuniambia. Nikamwambia, aliniambia. Aliniandikia kila wiki.

Akaomba avione vikaratasi. Nilivileta. Alipitisha kidole juu ya maandishi yako, herufi moja moja, akitafuta zile anazozijua, kisha akauliza nani amechafua kwa rangi nyekundu.

Nilimwambia.

Sekela, sitaki kukuomba msamaha katika barua hii. Msamaha huombwa kwa mtu anayeweza kuukataa, nawe huwezi. Yupo anayeweza. Jumamosi ni siku ya soko Lyulilo. Nitakwenda hadi Matema kwa gari, kisha nitatembea ufukweni mpaka pale mama yako anapopanga vyungu vyake. Sitamwita pembeni. Nitazungumza pale pale sokoni, mbele ya wanunuzi na wavuvi, mbele ya wote walioambiwa kwamba binti wa kwao alikufa kwa ukaidi. Nitamrudishia magoti yake. Aliyapiga mbele yangu kwa kosa lisilokuwa lake, na tangu siku hiyo nimekaa nayo kama mali ya wizi.

Nimeandaa maneno, kwa kuwa najijua. Nikisimama bila maandalizi nitasema kwamba kosa lilifanyika, kwamba maelekezo yalieleweka vibaya, kwamba chupa iliwekwa juani. Vitenzi vya kutendwa, visivyo na mtenda, nimevifundisha vizuri mno na najua vinavyomsitiri mtu. Sitavitumia. Nitasema: Sekela alimeza. Aliniambia kwamba amemeza. Nilimwita mwongo, aliomba hospitali, nilimkatalia, akafa. Kisha nitanyamaza, na mama yako atasema atakalosema, hata kama ni mbele ya soko zima, hata kama ni kwa Kikisi, lugha ya kwenu nisiyoielewa vizuri. Sitamsahihisha.

Kwaheri, mwanangu.

Baba yake Ambakisye
Makwale